Biashara Iliyofungiwa Ndani ya Simu



Katika mitaa yetu ya pwani, jeneza likishaswaliwa na kabla watu hawajatawanyika, husimama mmoja wa jamaa wa marehemu akatoa tangazo ambalo hata sisi tunaobaki nyumbani tunalijua kwa moyo: mwenye kumdai marehemu na aje kwetu, na mwenye kudaiwa naye akumbuke. Miezi michache iliyopita tangazo hilo lilitolewa kwa ajili ya jirani yetu, mama aliyekuwa akipika kwa oda. Wengi mtaani tumekula biriani yake harusini, na kila Ramadhani tulikuwa tukimwagizia sambusa na kaimati tuzichukue kabla ya Magharibi. Hakuwa na duka wala kibao mlangoni. Duka lake lilikuwa simu yake.

Matanga yalipoondolewa, watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mama wa biharusi, aliyetoa arubuni ya shilingi 15,000 kwa harusi ya mwezi uliofuata, na meseji ya M-Pesa alikuwa nayo. Wa pili alisema alitoa shilingi 8,000 taslimu, mkono kwa mkono. "Wanangu," akawaambia watoto wa marehemu, "mimi sina karatasi. Mama yenu alikuwa akiandika kwenye simu, tazameni humo." Akaja na muuza nyama, naye akidai bei ya mbuzi wawili. Watoto walitaka kumlipa kila mtu haki yake, kwani walijua kwamba deni la marehemu hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana hata sufuria. Lakini simu ile ilikuwa ikifunguliwa kwa kidole cha mama, na namba ya siri hakuna aliyeachiwa.

Waliwalipa wote watatu, sehemu nyingine kutoka mifukoni mwao wenyewe. Mpaka leo hawajui kama wamemaliza. Na wale waliokuwa wakidaiwa na mama yao, hakuna aliyepiga hodi.

Tumeanza na kisa hiki, ingawa ni kizito, kwa sababu dada zetu wengi hutuuliza namna ya kuipanga biashara ya nyumbani katika simu au kompyuta, na mara nyingi hutarajia tuwatajie jina la programu. Programu zipo tele, na nyingine zinalipishwa kila mwezi bila ya haja. Sisi tungependa kuanza na swali jingine: leo ukilazwa hospitalini, au simu yako ikanyakuliwa steji ya matatu, ni nani mwingine nyumbani kwako anayeweza kujua nani amekulipa, nani hajakulipa, na ni kazi ya nani inayotakiwa Ijumaa?

Bibi zetu walikuwa na jibu. Aliyekuwa akiuza mahamri au kushona kofia alikuwa na daftari lake ndani ya sanduku, lililonukia udi na karafuu, na mara nyingi maneno yake yalikuwa ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Bibi akiugua, daftari lilifunguliwa na yeyote ajuaye kusoma. Wala si ajabu kwamba daftari lilipewa heshima hiyo, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili la kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Simu imelisukuma daftari kando bila ya kuichukua kazi yake. Daftari lina kurasa zinazofuatana. Simu yetu ni gunia. Oda imo katika sauti iliyotumwa WhatsApp, malipo yamo katika meseji, vipimo vimo katika picha ya kipande cha karatasi, na salio limo kichwani.

Sisi wenyewe tumelipa gharama ya gunia hilo. Tunashona mabuibui na madera nyumbani, na mwaka mmoja, katikati ya Shaaban, wakati kila mtu anataka nguo yake iwe tayari kabla ya mfungo, simu ilituponyoka ikatumbukia katika ndoo ya maji ya kufulia. Tuliikausha kwa feni, tukaizika ndani ya mchele kama tulivyoshauriwa, nayo ikawa imekwisha. Mabuibui kumi na moja yalikuwa yamekatwa na hatukujua urefu wa mkono wa hata moja. Tulipita nyumba kwa nyumba na tepu mkononi tukiomba radhi. Wateja wawili walikumbuka kwamba walikwishalipa yote. Sisi tulikumbuka nusu. Tukanyamaza, kwani asiye na maandishi hana la kusema.

Baada ya Idi hiyo ndipo tukaketi kujipanga. Hatukuanza na simu. Tulichukua karatasi tukaifuata oda moja tangu mteja alipouliza bei hadi aliposhika nguo yake, tukaandika kila mahali ambapo habari yake ilipita. Buibui moja lilikuwa likiishi katika mahali patano. Tunawasihi mfanye hivyo kabla ya lolote, kwani itachukua nusu saa tu, na mtaiona biashara yenu kama inavyoonekana na mtu wa nje.

Hatua iliyofuata ilitutia haya. Tuligundua kwamba hatukuijua akaunti yetu wenyewe ya Google. Simu ilipokuwa mpya, kijana wa dukani alitufungulia akaunti akaandika jina alilolitaka yeye na neno la siri alilolijua yeye, nasi tukaondoka tumefurahi. Tumewauliza akina mama wengi tangu hapo, na hali ni hiyo hiyo: wengine wanatumia akaunti ya mtoto, wengine ya mume, wengine ya kijana ambaye duka lake limekwisha kufungwa. Kila kitu mtakachokiweka mtandaoni kitakaa ndani ya akaunti hiyo, kwa hivyo asiyeijua akaunti yake ni mfano wa mtu aliyejenga katika kiwanja ambacho hati yake hajapata kuiona. Tulifungua akaunti mpya kwa jina la biashara, pamoja na anwani yake ya barua pepe. Akaunti ya Google ni ya bure, nayo hutoa nafasi ya gigabaiti 15 inayotumiwa kwa pamoja na barua pepe, faili za Google Drive na picha. Kwa maandishi nafasi hiyo haimaliziki. Kwa video za harusi za jamaa humalizika upesi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutochanganya ya nyumba na ya kazi. Tuliweka pia uthibitisho wa hatua mbili, ili mwizi akilipata neno la siri bado awe na mlango wa pili wa kuuvunja. WhatsApp nayo ina namba yake ya siri ya tarakimu sita, ambayo wengi hatujaiweka.

Ndani ya Google Drive tulitengeneza majalada manne tu: Oda, Fedha, Kazi Zetu, na Hati. Hapo mwanzo tulikuwa na kumi na saba, tukapotea katika mpangilio wetu wenyewe. Hati ndilo jalada ambalo watu hulisahau: picha ya leseni ya kaunti, cheti cha PIN ya KRA, mkataba wa pango, risiti ya cherehani yenye muda wa dhamana. Faili tunaziita kwa tarehe kwanza, tukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, halafu jina. Risiti ya kitambaa ya tarehe 9 Mei 2025 huwa 2025-05-09 kitambaa. Ukianza na siku, kompyuta itakuwekea tarehe 9 za miezi yote mahali pamoja. Ukianza na mwaka, faili hujipanga zenyewe kama zilivyotokea.

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo, nao ni jedwali. Katika jalada la Oda tuna jedwali moja la Google Sheets, nalo ndilo daftari letu. Kila oda ni mstari mmoja, nao hauandikwi kesho. Unaanza na tarehe, jina la mteja na namba ya simu, kisha kazi yenyewe na vipimo, kisha bei tuliyokubaliana, arubuni iliyotolewa, na salio, ambalo jedwali hulipiga lenyewe. Baada yake huja tarehe ya ahadi, halafu namba ya muamala wa M-Pesa, zile herufi na tarakimu kumi zilizo mwanzoni mwa kila meseji ya malipo. Namba hiyo ni ushahidi usiokuwa na ubishi, kwani iko kwetu, iko kwa mteja, na iko kwa kampuni. Mteja akilipa taslimu, tunaandika "taslimu" na papo hapo tunamtumia ujumbe: tumepokea kiasi fulani, limebaki kiasi fulani. Hapo huwa tumeandikiana, na yeye amebaki na nakala yake.

Kuna safuwima moja ambayo hatukuiona katika jedwali la mtu yeyote, nayo imetusaidia kuliko nyingine zote: mwezi wa Kiislamu. Biashara zetu za pwani haziendi kwa Januari na Februari. Zinaenda kwa Shaaban, Ramadhani, Mfunguo Mosi na mwezi wa Hija. Ramadhani husogea mbele ya kalenda ya kizungu kwa siku 10 au 11 kila mwaka: mwaka 2023 ilianza mwishoni mwa Machi, na mwaka 2025 ikaanza mwanzoni mwa mwezi huo huo. Aliyelinganisha mauzo yake ya Aprili ya miaka hiyo miwili atadhani biashara imeanguka, kumbe Aprili ya kwanza ilibeba kumi la mwisho la Ramadhani na Idi, na ya pili ilikuja wakati Idi imekwishapita. Kwa safuwima hiyo tunaweza kulinganisha Shaaban na Shaaban, tukajua ni majora mangapi ya kitambaa ya kununua kabla bei haijapanda. Na mwaka wa zaka pia hupimwa kwa mwezi mwandamo. Mwenye kujua ana kitambaa cha thamani gani ndani, fedha kiasi gani mkononi, na anadai nani kiasi gani, huenda kwa sheikh wake na hesabu kamili badala ya makisio.

Jedwali hili hujihifadhi lenyewe kila unapoandika, na laweza kuwekwa lifanye kazi hata pasipo intaneti, likatuma mabadiliko mtandao unaporudi. Aidha hutunza historia yake, kwa hivyo mtoto akifuta mstari kwa kuchezea simu, unaweza kurudi kwenye sura ya jana. Hayo daftari la bibi halikuyaweza, tukubali. Hata hivyo daftari la karatasi hatukulitupa. Lipo kando ya cherehani, kwani mikono yenye chaki haishiki simu, na kila jioni baada ya Isha yaliyomo humo huhamishwa. Siku ambazo tumeacha kuhamisha kwa uvivu, na zipo, tumejuta.

Kuhusu WhatsApp, tulihamia ile ya biashara, WhatsApp Business, nayo pia ni ya bure. Faida yake kubwa kwetu ni zile alama za rangi za kubandika juu ya mazungumzo: oda mpya, anangoja kulipa, amelipa, imekamilika. Ukifungua asubuhi unaona mara moja ni nani hajajibiwa. Katalogi yake hupunguza maswali ya "bei gani?", ingawa hayaishi, na pengine hayatakwisha milele. Kwa upande wa fedha, tuliitenga namba ya kupokelea malipo. Wenye Pochi la Biashara au till ya Lipa na M-Pesa wanajua raha ya kutochanganya pesa ya kitambaa na pesa ya karo. Mwisho wa kila mwezi tunaomba taarifa ya M-Pesa ije kwa barua pepe, tunaiweka katika jalada la Fedha, kisha tunaipitia pamoja na jedwali. Karibu kila mwezi hupatikana malipo mawili au matatu tuliyosahau kuyaandika.

Hapa tunaomba radhi kwa dada zetu, kwani tunataka kusema neno kuhusu picha. Mteja hututumia picha yake akiwa amevaa gauni analotaka liigwe, bila ya shungi, kwa kuwa anajua tuko wanawake watupu. Mpaka hina humpiga picha biharusi mikono hadi viwikoni. Mpambaji hupiga uso mzima. Picha hizo WhatsApp huzishusha zenyewe katika picha za simu, na simu hiyo jioni hushikwa na kijana wa nyumbani anayetaka kutazama mpira, au hupelekwa kwa fundi na kukaa kwake siku mbili. Zikipanda kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo akaunti yake iko kwa shemeji, zimefika kwa shemeji. Mteja alituamini sisi. Hakuiamini nyumba nzima.

Tulizima ile sehemu ya mipangilio ya WhatsApp inayoruhusu picha kuonekana katika picha za simu. Kisha tukajiwekea kanuni: picha ya mteja hufutwa siku nguo inapokabidhiwa, kwenye mazungumzo na kwenye pipa la taka pia. Katika jalada la Kazi Zetu huingia picha za nguo ikiwa imetundikwa, au hina ya mkono peke yake, na hata hiyo kwa idhini iliyoandikwa. Tulipoteza matangazo mazuri kwa kanuni hii. Nguo iliyotundikwa haivutii kama iliyovaliwa. Lakini tumepata wateja waliotujia kwa sababu hiyo tu, kwani mwanamke huuliza wenzake kabla ya kutuma picha yake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za mtu, picha yake ikiwemo, zina hifadhi ndani yake. Amana ilikuwepo kabla ya sheria hiyo.

Tumebakisha lile la mwanzo, la mlango uliofungwa.

Jedwali letu la oda na jalada la Fedha tumeshirikiana na binti yetu mkubwa, kwa barua pepe yake. Google Drive huruhusu kumpa mtu ruhusa ya kusoma tu au ya kuandika. Tulianza na kusoma, na sasa anaandika. Jalada la picha halimhusu, kwa hivyo hakupewa. Zaidi ya hapo Google ina mpango ambao mwenye akaunti huchagua mapema nani ajulishwe na apewe nini iwapo akaunti itakaa bila kutumiwa kwa muda, na muda mfupi kabisa ni miezi mitatu. Tumeuweka, ila miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayedai arubuni ya harusi ya mwezi ujao. Ndiyo maana tukarudi kwenye karatasi: bahasha iliyofungwa, ndani yake anwani ya akaunti, neno la siri, namba ya kufungulia simu, na sentensi mbili zinazoeleza jedwali liko wapi. Inakaa kabatini pamoja na wasia. Tunapobadilisha neno la siri, tunabadilisha bahasha. Namba ya siri ya M-Pesa haimo, wala isiwekwe. Fedha za marehemu zina njia yake ya kisheria ya kuombwa na warithi, na mtu kuingia katika akaunti hiyo kimya kimya, hata kwa nia njema, huzaa fitina baina ya ndugu.

Mume wetu alipoiona bahasha ile aliuliza, "Kwani mwaogopa nini?" Tukamwambia kwamba hatuogopi, ila tunadaiwa mabuibui sita.

Watoto wa yule jirani yetu wanaendelea na kazi ya mama yao. Binti wa pili ndiye anayepika, na wiki iliyopita tulimwagizia masinia mawili ya pilau. Kabla hatujafika nyumbani simu ililia: jina letu, siku, idadi, arubuni, salio. Mwisho wa ujumbe alikuwa ameongeza mstari mmoja, kwamba yeyote aliyekuwa na oda kwa marehemu mama na bado hajafika kwao, awafahamishe. Huutuma kwa kila mteja.

Juma lijalo inshaallah tutaendelea na maswali mliyotuletea kuhusu kuhesabu zaka ya bidhaa za dukani, hususan vitambaa vilivyokwisha kukatwa. Wenye maswali zaidi wayalete kwa maandishi kabla ya Jumatano.

Wabillahi tawfiq.